Kuvuta tela: manyuo au oto?

Wakuu, kigari changu ni manyuo, nataka kivute tela la kilo 500 hivi, jamaa anasema oto ndo bora. Ukweli upi?

— Oto ina toki konveta (kifaa cha oili kinachounganisha injini na giaboksi), inaongeza nguvu wakati wa kuondoka, ndo maana pikapu nyingi za siku hizi za oto zimeruhusiwa uzito mkubwa kuliko manyuo. Adui yake joto tu, oili ya giaboksi ikiungua umekwisha.

— Mi nilirudi rivasi mlimani na tela nikicheza na klachi, dakika mbili harufu imejaa ndani, wiki ya pili nabadilisha sahani ya klachi 😂

— Kushuka je? Ingiza gia ndogo mapema injini ikushikilie, usilalie breki. Na soma kitabu cha gari kwanza, vigari vingine haviruhusiwi kuvuta kabisa.

— Kitabu chenyewe sijawahi hata kukifungua, ngoja nikakitafute.