Tupeane uzoefu: mwezi mpevu unakufanya nini?

Usiku Mrefu: Wakuu, nimeamka saa nane usiku nikadhani kumekucha. Nuru imejaa chumbani mpaka nahesabu vidole. Moyo unadunda bila sababu. Mwezi uliopita ilikuwa hivi hivi, na ule wa kabla yake. Marehemu bibi alikuwa akisema mwezi ukipevuka na roho hutembea. Sijui ndiyo hiyo au ni uzee. Nani mwingine?

Kizibo: Tupo wengi mkuu. Mimi nagombana na kila mtu siku hizo, hata na mlango.

Bi Subira: Zaburi 121 inasema jua halitakupiga mchana, wala mwezi usiku. Mwezi usingekuwa unapiga, ingeandikwa ya nini?

Hesabu Baridi: Ni shairi, mama.

Mtoto wa Tatu: Sikutaka kuandika hapa, ila hiyo "nikadhani kumekucha" imenitoa machozi. Ndivyo dada yangu alivyokuwa akisema.

Ilimwanza akiwa na miaka 19. Siku tatu nne kabla mwezi haujakamilika, usiku mzima analala kwa saa mbili tu, kisha moja, kisha halali kabisa. Anafua usiku, anaimba. Tulikuwa tunacheka, maana kweli alichekesha. Mwezi ukitimia hachekeshi tena. Anatuita kwa majina ya waliokufa, anasema na yeye ameitwa. Mama akataka maombi, baba mdogo akataka mganga, baba hakutaka kusikia chochote. Maombi yakafanyika, mganga naye akaja. Kila mara alitulia, tukatangaza amepona. Kumbe mwezi ulikuwa unapungua tu.

Usiku wenyewe niliamka nikakuta kitanda kitupu na mlango wazi. Nje kweupe, barua unasoma. Nikamwona juu ya paa, ukingoni kabisa, kajifunga shuka, uso kauinua. Sikupiga kelele, niliogopa atashtuka. Nikapanda ngazi ile ile aliyopandia. Miguu ilitetemeka mpaka ngazi ikawa inagonga ukuta, akasikia. Akageuka, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuuliza umekula: "Usije. Hautatutosha wawili."

Nikabaki pale pale. Kupanda sikuthubutu, kushuka sikuthubutu. Nitaendelea baadaye, mtoto analia.

Kizibo: Unatuachaje hapo dada yangu?!

Pwaguzi: Nimetandika mkeka. Sitoki.

Bi Subira: Hilo ni pepo, wala msizunguke. Lingekemewa kwa kufunga siku saba, si kwa kuita waganga.

Hesabu Baridi: Au ni ugonjwa. Mbona kila kitu pepo?

Kizibo: Ila mkuu, mwili wa mtu zaidi ya nusu ni maji. Mwezi unavuta bahari nzima, utashindwa kukuvuta wewe?

Hesabu Baridi: Bamvua, yale maji makubwa ya bahari, huja mara mbili kila mwezi, mwezi ukipevuka na mwezi ukiwa hauonekani kabisa. Kama ni mvuto, tungepagawa na siku za giza pia. Isitoshe, bahari inajaa kwa ukubwa wake. Kisima hakijai, wewe na maji yako ya kikombe utajaa wapi?

Kizibo: Kikombe mwenyewe.

Ustadhi Mdogo: Kabla hamjafika mbali: kuna mtu kaniandikia faraghani kwamba sisi Waislamu tunafunga tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu ili kujikinga na majini ya mwezi. Huo ni uzushi. Ni ayyamul bidh, masiku meupe, tunafuata sunna. Mwezi ni kiumbe kama wewe.

Pwaguzi: Mimi nilimsifu mtu kwamba ni mwezi wa kumi na nne. Baada ya ndoa nikajua kumbe nilimaanisha hasira.

Hesabu Baridi: Kwenye usingizi lakini sibishi. Utafiti uliotoka 2021 uliwafuatilia watu wa jamii za Toba-Qom kule Argentina, wengine hawana umeme, pamoja na wanafunzi wa Seattle kule Marekani, mjini kwenye taa tele. Wote walichelewa kulala na walilala kidogo zaidi siku chache KABLA ya mwezi kupevuka. Kwa wasio na umeme unaelewa, mbalamwezi ya jioni inakuweka macho. Hao wa mjini ndio wananitatiza.

Bi Subira: Haya, umeanza kurudi kundini.

Mama Pacha: Funga pazia, usinywe kahawa, basi.

Kizibo: Mimi nasema lala nje, uuzoee.

Mtoto wa Tatu: Samahani, mtoto kalala. Dada alishuka mwenyewe. Baada ya saa nzima hivi, wingu lilipita mbele ya mwezi, akasema anasikia baridi, akanipa mkono. Asubuhi yake baba, yule asiyetaka kusikia, ndiye aliyempeleka hospitali. Daktari wa akili akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza, si mganga wala mchungaji: analala saa ngapi kwa usiku? Tukatazamana. Akatuambia kwa ugonjwa wa dada, kukesha kunatosha kuwasha moto. Dirisha la chumba chake halikuwa na pazia. Miaka yote ile.

Leo anatumia dawa, ana pazia zito, ana watoto wawili. Ila nisiwadanganye: huwa ananiambia anausikia ukija hata pazia likiwa limefungwa. Sibishani naye.

Bi Subira: Unaona sasa.

Hesabu Baridi: Mama, amesema dawa.

Bi Subira: Amesema pia anausikia.

Usiku Mrefu: Dada, nimesoma lote. Nimefunga pazia, moyo bado.

Mtoto wa Tatu: Kaka, hujatuambia. Tangu juzi umelala saa ngapi?