Kampuni za mazabodi tupeni hesabu za volteji! Tunauziwa pawa saplai kwa namba za uongo

Wakuu, habari za muda huu. Nina hasira na uzi ni mrefu, mnivumilie.

Mashine yangu ya kuhariri video za harusi ilianza kujizima katikati ya kazi. Nikaipeleka kwa fundi Kariakoo, duka silitaji. Akaweka programu moja ya bure ya kusoma sensa, akaangalia mstari wa +12V, yaani volti 12 ambazo pawa saplai inatakiwa kuipa mashine, ukasoma 8.064. Hukumu ikatoka hapo hapo: "Kaka, pawa saplai imekufa, volti 12 zimebaki 8." Laki moja na themanini ikanitoka. Mpya ikafungwa mbele yangu, mashine ikawashwa, na mstari ule ule ukasoma 8.064. Ile ile mpaka desimali ya mwisho! Nilipomwonesha akaniambia, "Hizo programu ndivyo zilivyo."

Sasa kama ndivyo zilivyo, hela yangu ilichukuliwa kwa ushahidi gani?

Nikaingia baiosi, ile menyu ya bodi yenyewe kabla Windows haijawaka. Kule 12V inasoma 12.096. Chukueni kikokotoo mgawe 12.096 kwa 8.064. Mnapata 1.5 kamili, hakuna baki. Umeme ulioharibika haukupi jibu lililonyooka namna hiyo. Hapa kuna mtu kazidisha kwa namba isiyo sahihi, na nitaeleza inavyotokea kwa sababu watu wengi wanaliwa hela zao hapa hapa.

Mazabodi (bodi kuu) za kompyuta ya mezani huwa na chipu ndogo, mara nyingi ya Nuvoton au ITE, inayosoma volteji, joto na kasi ya feni. Hizi nyingi za Nuvoton zinapima kwa hatua za milivolti 8 na mwisho wake ni hatua 255, yaani kama volti 2 tu. Huwezi kuiingizia volti 12 moja kwa moja. Kwa hiyo mhandisi wa bodi anaweka rezista mbili zinazogawa volteji kabla haijafika kwenye chipu. Akiamua kugawa kwa 12, chipu inaona karibu volti 1, na programu inatakiwa izidishe kwa 12 ili kurudisha namba halisi. Kwangu chipu inaona 1.008, ambayo ni hatua 126. Zidisha kwa 12 unapata 12.096, baiosi iko sahihi. Ile programu ilizidisha kwa 8. Kosa lote ndiyo hilo. Na msitishwe na hizo desimali tatu: kwa mgawo huo, hatua moja tu ya chipu ni volti 0.096, kwa hiyo mstari ukiruka kutoka 12.096 hadi 12.000 hakuna kilichoharibika.

Chipu haijui imeunganishwa na waya gani. Programu haijui. Anayejua ni kampuni iliyochora bodi, na haisemi!

Niliwaandikia kampuni ya bodi yangu nikaomba kitu kimoja: kila pini ya kupima imeunganishwa na nini, na kizidisho chake, yaani namba ya kuzidishia, ni ngapi. Wakanijibu nitumie programu yao. Programu yenyewe imejaa taa za rangi na matangazo, kwenye Linux haipo kabisa, na kizidisho hata kimoja haioneshi. Basi wanaoandika programu za bure wanabaki kukisia bodi moja baada ya nyingine, wakitegemea ripoti za watumiaji. Linux angalau haikudanganyi: draiva ya nct6775, inayosoma chipu hizo za Nuvoton, inakuletea in0, in1, in2 na kuendelea, nyingi zikiwa namba ghafi bila majina, halafu unaandika kizidisho mwenyewe kwenye faili ndani ya /etc/sensors.d. Utaandika nini wakati hujaambiwa?

Najua kuna watakaosema "tumia mita mkuu". Nimetumia. Plagi ya Molex inayotoka kwenye pawa saplai, waya wa njano (12V) na mweusi (ardhi), mashine ikiwa kazini: 12.1. Nikarudisha pawa saplai ya zamani, ile iliyohukumiwa kufa: 12.1. Ilikuwa nzima! Kiwango cha ATX, kanuni za pawa saplai za mezani, kwa miaka mingi kimeruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani 11.4 mpaka 12.6. Ingekuwa kweli ni volti 8, pawa saplai yenye kinga ingejizima papo hapo. Fundi alikuwa mbele ya mashine inayowaka, feni zinazunguka, diski inasoma, halafu anasema kuna volti 8. Mita ilikuwa mezani kwake na hakuigusa.

Kilichoniuma zaidi, mistari michache chini ya ule wa 12V, programu hiyo hiyo ilikuwa inaonesha joto la kori za prosesa: nyuzi 100. Hiyo namba inatoka ndani ya prosesa yenyewe, haipiti kwenye rezista za mtu yeyote. Pini moja ya kipoozeo ilikuwa imeachia, hakigusi prosesa sawasawa. Nimekibana, nimeweka pesti mpya, mashine haijajizima tena, na iko na pawa saplai ya zamani.

Na msidhani shida ni 12V peke yake. Volteji ya prosesa ni mbaya zaidi. Watu wanaona VID wanadhani ni kipimo, kumbe ni volteji ambayo prosesa inaomba. Vcore, yaani volteji ya prosesa iliyopimwa, nayo inategemea bodi imechukulia kipimo wapi, nyuma ya soketi au karibu na silikoni. Prosesa ikivuta ampea 100, njia yenye ukinzani wa miliomu 1 tu inapoteza volti 0.1. Kwa hiyo bodi mbili zenye prosesa moja zitakupa Vcore tofauti, na hakuna mahali pameandikwa ipi imepimia wapi.

Mwaka 2024 Intel walipokiri kwamba prosesa zao za mezani za kizazi cha 13 na 14 zinaharibiwa na volteji iliyozidi, wakatoa maikrokodi 0x129 (sasisho la maelekezo ya ndani ya prosesa) mwezi Agosti kuzuia maombi ya zaidi ya volti 1.55, watu dunia nzima walikuwa wanakodolea hizi programu. HWiNFO, mojawapo ya programu hizo, kwa kawaida inasoma kila baada ya sekunde 2. Mruko wa volteji unaoisha ndani ya sehemu ndogo ya sekunde utauona saa ngapi?

Wala msiniambie kampuni hazielewi umuhimu wa namba hizi. Mwaka 2020 HWiNFO waliongeza kipimo maalumu baada ya kuonekana kwamba baadhi ya mazabodi zinaidanganya prosesa ya Ryzen ya AMD kuhusu mkondo inaotumia, ili ivute zaidi na bodi ionekane ina kasi. Na kwenye bodi za bei mbaya wanaweka sehemu za kugusisha mita kabisa, zimeandikwa majina. Wanajua. Mwenye bodi ya kawaida ndiye wanayemnyima.

Ninachodai ni ukurasa mmoja kwenye mwongozo wa bodi: pini, waya, kizidisho. Na mafundi, marufuku kumuuzia mtu pawa saplai kabla hujagusa waya kwa mita. Mimi hela yangu naidai, na duka linasema mzigo ukishafunguliwa haurudi.

Wakati tunasubiri, tukusanye wenyewe. Weka modeli ya bodi, jina la chipu, toleo la baiosi, namba ya 12V na 5V kwenye baiosi, kwenye programu na kwenye mita. Kizidisho tutakikokotoa hapa hapa. Vya bodi yangu naviweka kwenye komenti ya kwanza.