Nimeanza kompyuta nikiwa chuoni: ninunue laptopu, nilipie pakeji au niendelee na saiba?

MtotoWaLuanda

Hamjambo wenzangu. Kwetu ni Luanda, kaunti ya Vihiga, na tangu Septemba nasoma stashahada ya ununuzi na ugavi katika chuo kimoja hapa Kisumu. Shule yangu ya upili haikuwa na kompyuta ambayo mwanafunzi aliruhusiwa kugusa. Neno tarakilishi nililiandika kwenye insha nikapewa alama, lakini kuiwasha kwa mkono wangu ilikuwa wiki ya kwanza chuoni.

Darasani tunakaa watatu kwa mashine moja, na anayeshika kipanya ni yule anayejua tayari. Mimi hutazama tu. Mwalimu akisema "hifadhini kwenye folda zenu" nasikia vidole vya wenzangu vikienda, nami sijui hiyo folda iko wapi. Kazi ya kwanza niliiandika kwa saa mbili, nikafunga, na sijaiona tena mpaka leo. Niliona haya kuuliza.

Jambo la pili ndilo limeniuma zaidi. Nilienda saiba moja karibu na ninapoishi ili niombe mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Kijana wa pale alinifungulia baruapepe, akanichagulia nywila, akaiandika kwenye daftari lake. Wiki mbili baadaye shangazi akanipigia simu akilia, akitaka kujua nimelazwa hospitali gani. Alikuwa amepata ujumbe kutoka kwa baruapepe yangu ukimwomba atume shilingi 3,500 kwa nambari asiyoijua. Namshukuru Mungu kwamba alipiga simu kwanza.

Nina shilingi 15,000. Elfu kumi na moja nilizipata nikiuza mahindi ya kuchoma likizoni, elfu nne mama alinitolea kwenye chama chake. Kuna mtu ananiuzia laptopu kwa 13,000. Kuna mahali mjini wanafundisha pakeji, yaani programu za kawaida za kompyuta, miezi miwili kwa 6,000. Au niendelee na saiba nilipie kwa saa. Nishaurini, tafadhali, pesa hizi zikipotea sina nyingine.

MamaSaiba

Binti yangu, pole sana. Nimeendesha saiba Kakamega kwa miaka 11 na hicho ulichofanyiwa ni kosa, usijilaumu. Mteja akija kwangu bila kujua, namsogezea kibodi aandike nywila mwenyewe hata kama itachukua nusu saa na foleni inangoja.

Laptopu itangoja. Leo hii, kwa simu yako, ingia kwenye akaunti yako ya Gmail, sehemu ya usalama. Badilisha nywila iwe ndefu, maneno manne yasiyohusiana na jina lako wala tarehe ya kuzaliwa. Halafu tazama orodha ya vifaa vilivyoingia, na kila usichokitambua ukiondoe. Angalia nambari ya simu ya kurejeshea akaunti: ni yako au ni ya yule kijana? Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili, ili mtu akiwa na nywila bado ahitaji simu yako ndipo aingie.

Kuna kitu kimoja wengi hawakikagui. Mtu akishaingia kwenye baruapepe yako anaweza kuweka agizo kwamba kila barua unayopata inakiliwa kwake. Unabadilisha nywila, unalala usingizi, naye anaendelea kusoma. Hilo hulioni kwenye programu ya Gmail ya simu. Lazima ufungue Gmail kwenye kompyuta, uende mipangilio, sehemu ya kusambaza barua. Ukikuta anwani usiyoijua, ifute. Usiache, kwa sababu HELB watakuandikia hapo hapo.

FundiKondele

Dadangu, kabla hujatoa hata shilingi, nipe maelezo ya hiyo mashine. Kuna kibandiko karibu na kibodi. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, imeandikwaje? RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni ngapi? Diski ni SSD, ile mpya yenye kasi, au ile ya zamani inayozunguka?

MtotoWaLuanda

Asante mama, ya simu nimeyafanya sasa hivi. Kulikuwa na vifaa viwili nisivyovijua, nimeviondoa. Nambari ya kurejeshea ilikuwa yangu.

Kaka, nimemuuliza muuzaji. Amesema i5-4300U, RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500. Anasema 500 ni nyingi sana.

FundiKondele

500 ni nafasi ya kuwekea vitu tu, haina uhusiano na mwendo. Usinunue, na nitakuambia kwa nini ili siku nyingine usinitegemee mimi.

Tazama tarakimu baada ya kistari. 4300 inaanza na 4, hiyo ni prosesa ya kizazi cha nne. Ukiona 8250, ni kizazi cha nane. Kwa Intel, Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu, na Windows 10 ilikoma kupewa huduma ya kawaida na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo utauziwa mashine ambayo mlango wake wa usalama haurekebishwi tena. Si kwamba haifai kabisa. Inaweza kuwekwa Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, pamoja na LibreOffice ya kuandikia, na ikakaa vizuri. Lakini wewe unaanza, na darasani mnatumia Windows. Utajifunza vitu viwili kwa wakati mmoja.

Ukipata ya kizazi cha nane, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256, hata ikiwa imechubuka kifuniko, hiyo chukua. Kwa elfu 15 ni vigumu kuipata, nasema ukweli. Ongeza akiba kidogo kidogo. Na siku ya kununua usikubali kuonyeshwa ikiwa imechomekwa stimani muda wote. Chomoa, fungua video, kaa nayo nusu saa. Betri iliyokufa itazima, na hapa kwetu stima hupotea bila kupiga hodi. Bonyeza kila herufi ya kibodi. Omba risiti yenye nambari ya mashine, kwa sababu za wizi ni nyingi.

KijanaWaNakuru

Mimi naona alipie pakeji. Nilisoma hapa Nakuru, nikapata cheti, na kazi yangu ya kwanza kwenye duka la vifaa vya shamba waliuliza kile cheti. Usipuuze karatasi.

MwalimuMstaafu

Ndugu yangu wa Nakuru, sikatai, cheti kilikusaidia. Lakini huyu mtoto tayari yuko chuoni na somo la kompyuta limo kwenye karo aliyolipa. Atalipa mara mbili kwa kitu kimoja. Anachokosa ni mkono wake kukaa juu ya kibodi.

Mwanangu, nilifundisha Maseno na Luanda kwa miaka mingi, na wanafunzi wengi walipotelea pale pale ulipopotelea wewe. Hakuna aliyewaeleza kwamba ndani ya kompyuta kuna mahali pawili. Moja ni RAM. Hiyo ni kama meza ya muuzaji pale Kibuye, anapopanga nyanya asubuhi. Nyingine ni diski, ambayo ni stoo yake yenye kufuli. Ukifungua programu na kuanza kuandika, maneno yako yako mezani. Stima ikipotea, au ukifunga ukajibu "hapana" pale kompyuta inapokuuliza kama uhifadhi, meza inafagiliwa. Kuhifadhi ni kuchukua nyanya mezani kuziingiza stoo. Na stoo ina rafu: hizo ndizo folda.

Kazi yako ya saa mbili huenda haikupotea. Ukirudi kwenye mashine ile ile, fungua Word, ile programu ya kuandikia, utazame orodha ya faili zilizofunguliwa karibuni. Mara nyingi mtu amehifadhi ila hakusoma imeenda rafu gani. Kuanzia sasa, katika Word bonyeza F12 kabla hujaandika hata sentensi moja. Itakuuliza jina na mahali. Jina liwe la kueleweka, "ugavi kazi ya pili", usiache lile inalojipa yenyewe. Halafu kila baada ya aya, Ctrl na S. Na ukiharibu kitu, Ctrl na Z inakirudisha. Hiyo ya mwisho ndiyo itakuondolea woga, kwa sababu karibu kila kosa la mwanafunzi mpya linarudi nyuma.

Kuhusu vidole: pitisha vidole juu ya herufi F na J, utahisi vijinundu. Vidole vya shahada vikae hapo, na visitazamwe. Dakika 15 kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi. Wala huhitaji laptopu kwa hili. Nunua kibodi ya kawaida na kile kiunganishi kidogo cha OTG, uchomeke kwenye simu yako kama inakubali, uandike kwenye Google Docs. Akaunti ya Google inakupa nafasi ya GB 15 bila malipo, na kazi utaikuta kwenye kompyuta yoyote. Nenda pia maktaba ya umma pale Kisumu, ulizia kama kuna kompyuta za wasomaji.

MamaSaiba

Naongeza. Ukiwa saiba, fungua dirisha la faragha, kwenye Chrome ni Ctrl, Shift na N. Ukilifunga, halibaki na nywila wala kurasa ulizotembelea. Lakini faili ulizopakua zinabaki pale kwenye mashine, kwa hiyo fomu yenye nambari ya kitambulisho ifute, na uifute tena kwenye pipa la taka. Na fleshi yako usiichomeke kila mahali. Ukiona faili zote zimegeuka ikoni (vile vipicha vidogo) zenye kishale, imepata virusi. Jitumie kazi kwa baruapepe.

AskariWaMtandao

Dada, hicho alichofanya yule kijana ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Mwombe shangazi asifute ule ujumbe. Piga picha ya skrini yenye nambari ya simu, upeleke kituo cha polisi uandikishe kwenye OB, kitabu chao cha matukio.

MtotoWaLuanda

Nimerudi baada ya siku tisa. Laptopu sikununua na pakeji sikulipia. Nimenunua kibodi ya 700 na OTG ya 150, simu yangu imekubali. Sasa naandika jioni, bado naenda polepole na kidole kidogo cha kushoto kinauma.

Kazi yangu nimeipata! Ilikuwa stoo, kwenye rafu ya mwanafunzi mwingine, na jina la faili lilikuwa sentensi yangu ya kwanza.

Na mama wa Kakamega, jana nilifika chuoni mapema kabla ya darasa, nikakaa kwenye mashine peke yangu, nikafungua Gmail, mipangilio, kusambaza barua. Kulikuwa na anwani nisiyoijua. Niliipiga picha kwanza, kwa ajili ya OB, halafu nikaifuta.

MamaSaiba

Asante kwa kuniambia, mwanangu. Sasa mpigie shangazi.