Mada: Machi inakaribia, tuangalie kikapu cha vyuo

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni.

Miaka yangu ya kwanza hapa Columbus, Ohio, ikifika Machi na mashindano ya kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani, wenzangu kazini walikuwa wanachachamaa, kila mtu na karatasi yake ya kubashiri, mimi nakula pembeni. Machi 2023 jirani yangu, mzee wa sabini na ushei, akaniita kwake tuangalie vyuo vya Fairleigh Dickinson na Purdue, mechi iliyokuwa ikichezwa hapahapa mjini. Timu hupangwa kwa ubora katika kanda nne, namba 1 hadi 16. Purdue namba 1 katika kanda yao, wana Zach Edey mwenye mita 2.24. Wenzao namba 16, timu fupi kuliko zote za daraja la kwanza. Siku mbili nyuma walikuwa mji jirani wa Dayton, kwenye mechi za awali, wakipigania kuingia tu. Wakamweka Edey kati, mmoja mbele mmoja nyuma, mpira haumfikii. Fairleigh wakashinda 63–58! Kwa wanaume, namba 16 kumtoa namba 1 kulishatokea mara moja tu, 2018. Mzee alisimama mikono kichwani, hasemi kitu. Tangu hapo mimi ni mtu wa kikapu.

Wageni wasiogope. Timu ni 68, ukifungwa mara moja unafunga virago. Chagua moja tu uanze nayo.

— Kaka, ahsante. Kazini kwetu wanachanga dola kumikumi, mshindi anabeba zote. Kwangu hiyo ni kamari, nikakataa, sasa naonekana najitenga. Halafu vifurushi vya televisheni ni ghali.

— Dada yangu, usichange. Omba karatasi tupu, ujaze, uibandike pamoja na zao. Mimi hufanya hivyo na hakuna aliyeninunia; wanachotaka ni mtu wa kubishana naye asubuhi. Kuhusu televisheni, antena ya ndani inashika kituo cha CBS, na fainali ya wanawake iko kituo cha ABC, nayo bure. Usiwaache wanawake, wanacheza mpira mzuri sana.

Wakikuuliza kwenu wapi, mtaje Hasheem Thabeet, kijana wa Dar: 2009 alifika nusu fainali na chuo cha Connecticut, mwaka huohuo akachaguliwa wa pili kuingia NBA. Yule mzee alimkumbuka kabla sijamaliza kutamka jina.

Mechi za awali ziko Dayton, saa moja na ushei kwa gari. Nina nafasi tatu garini.