Darasa la uthamini wa kampuni: ada wamekula, wametufundisha Apple tu!

Wakuu, nina hasira na nitasema wazi. Kuna darasa la modeli za fedha na uthamini linalouzwa kwa vijana wa Dar na Nairobi kwa ahadi ya kazi kwenye benki za uwekezaji. Taasisi siitaji. Ada nimelipa yote, nimemaliza, cheti ninacho.

Mfano ni Apple, mwanzo mwisho. Riba isiyo na hatari wanachukua hati fungani ya Marekani ya miaka 10, tuseme asilimia 4, wanaongeza 5 ya hatari ya soko, wanapata 9, yaani faida ambayo mwenye hisa anaidai kila mwaka. Kwa kampuni inayopata dola, sawa. Ila zoezi la mwisho ni kiwanda cha Tanzania, mapato shilingi, na majibu ya mwalimu yana 9 ile ile!

Pigeni hesabu. Kampuni itabakiza shilingi milioni 100 mwakani, na kiasi hicho kinakua kwa asilimia 4 kila mwaka bila kikomo. Kwa 9, unatoa ile 4 ya ukuaji, unagawanya 100 kwa asilimia 5 iliyobaki, thamani ni bilioni 2. Sasa tumia riba ya shilingi. Mwaka 2022 kuponi ya hati fungani yetu ya miaka 25 ilikuwa asilimia 12.56. Chukua 12 tu, ongeza 5 zile zile, upate 17. Thamani inaporomoka hadi milioni 769 hivi. Mtabisha kwamba ile 12 tayari ina hatari ya nchi ndani yake. Haya, punguzeni pointi tatu nzima, 17 iwe 14: mnapata bilioni 1, nusu ya jibu la mwalimu. Kijana wa aina hii akiishauri mifuko ya pensheni, zinazoungua ni akiba za wazee wetu.

Beta nayo, kile kipimo cha jinsi bei ya hisa inavyoyumba pamoja na soko! Pale DSE, soko la hisa la Dar, kuna hisa bei yake haitikisiki wiki nzima kwa sababu hakuna aliyenunua wala kuuza. Ukiipima dhidi ya soko, beta inatoka karibu na sifuri, na modeli inakwambia kampuni haina hatari, wakati ukitaka kutoka huna wa kumuuzia. Dawa inajulikana: chukua beta za kampuni za sekta hiyo kwenye masoko yenye mauzo mengi, ondoa athari ya madeni yao, kisha weka madeni ya kampuni yako na kodi yetu ya asilimia 30. Hilo ni somo la nusu saa. Halikufundishwa.

Benki hazikuguswa kabisa, na CRDB na NMB ni kati ya hisa zinazofuatiliwa sana hapa. Benki huwezi kuithamini kwa EBITDA, yaani faida kabla ya kutoa riba, kodi na uchakavu, maana riba ndiyo biashara yake na amana za wateja ndiyo malighafi. Unaangalia mtaji wa wanahisa, faida juu ya mtaji huo, na gawio. Tulipouliza, tukaambiwa kuna kozi nyingine, ada yake mbali. Lakini muda wa kutufundisha rangi za Excel ulikuwepo, bluu kwa tarakimu unazoingiza, nyeusi kwa fomula!

Nimeandika kudai ada yangu, kimya. Aliyepita darasa hilo ajitokeze hapa, tuandike barua moja ya madai.