Nani anaukausha Ruaha Mkuu: ng'ombe au mifereji?

Ndugu zangu, katika mjadala huu imetolewa hoja kwamba wafugaji ndio waliouua Mto Ruaha Mkuu, na kwamba kuwaondoa katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya, mwaka 2006 na 2007 kulikuwa dawa pekee. Naipinga hoja hiyo, nami naanzia kwenye mito inayoulisha Ruaha, maana huko ndiko ushahidi uliko.

Maji ya Usangu wakati wa kiangazi hayazaliwi bondeni. Hutoka katika safu za Kipengere na Uporoto na katika nyanda za Mufindi, yakiteremshwa na mito michache isiyokauka: Ndembera, Mbarali, Kimani, Chimala na Ruaha wenyewe. Mito ya upande wa kaskazini huwa na maji masika tu. Yote huishia katika kinamasi cha Ihefu, na Ihefu ina mlango mmoja wa kutokea, mwamba wa Ng'iriama. Usawa wa maji ukishuka chini ya mwamba huo, mto hukatika papo hapo, hata kama nyuma yake kinamasi bado kina maji mengi. Kwa hiyo kiasi kinachochepushwa huko juu, kwenye mabanio, yaani vizuizi vya mtoni vinavyoingiza maji katika mifereji ya mashamba ya mpunga, kinatosha kuwaacha viboko wa Hifadhi ya Ruaha wakigombea madimbwi, hali ambayo imekuwa ikijirudia kiangazi baada ya kiangazi tangu 1993. Sikatai kwamba ng'ombe hunywa na hukanyaga kingo, lakini unywaji wao haufikii mfereji unaoachwa wazi baada ya mavuno, ukimwaga maji kwenye majaruba matupu yakauke kwa jua.

Tusilichanganye pia suala hili na mgawo wa umeme. Bwawa la Mtera la kuzalisha umeme, lililokamilika mwaka 1980, hujazwa hasa na mafuriko ya masika, tena hupokea maji ya Kisigo na ya Ruaha Mdogo unaopita Iringa, mito ambayo haipiti Ihefu kabisa.

Swali langu kwa wanaotetea uhamisho ule ni hili: wafugaji waliondolewa, na mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu likaingizwa katika Hifadhi ya Ruaha, mbona mto uliendelea kukauka, na ni nani anayefunga mabanio mpunga ukishavunwa?