Acheni kuwaita Wahindu Manazi kwa sababu ya swastika

Wakuu, hasira zimenifika shingoni. Kila Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, ikikaribia lazima atokee mtu arushe picha ya mlango wa nyumba ya Mhindu uliochorwa swastika, ule msalaba wenye mikono iliyopinda, na kuandika "Manazi wapo mjini". Safari hii imetokea kwenye grupu la mtaa wetu. Watu wazima wanaporomosha matusi kwa familia tunayozikana nayo, na mmoja akadiriki kusema ile alama ikapakwe rangi usiku!

Mngeuliza kwanza. Swastika ni neno ambalo Waingereza wamelitoa Kisanskriti, lugha ya kale ya India: "su" ni njema, "asti" ni kuwa, basi svastika ni kitu chenye heri. Ndiyo maana wanaichora mlangoni, na wafanyabiashara wa Kigujarati huichora kwenye daftari jipya la hesabu wakati wa Diwali. Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, wanayo kwenye bendera yao. Ramani za Japani huonyesha hekalu la Kibudha kwa alama hiyohiyo. Na si Asia tu: Bete Maryam, kanisa lililochongwa mwambani kule Lalibela, Ethiopia, lina dirisha la umbo hilo, na lilikuwepo mamia ya miaka kabla Hitler hajazaliwa.

Chama cha Hitler, yaani Manazi, kiliikwapua na kuiweka kwenye bendera yake mwaka 1920. Wajerumani wenyewe waliiita Hakenkreuz, yaani msalaba wenye kulabu. Ni waandishi na wafasiri wa Kiingereza walioubandika uchafu ule jina la Kisanskriti, likaganda. Hapo ndipo panaponiuma kuliko pote! Watu waliua Wayahudi milioni sita, halafu bendera yao ikapewa neno la baraka la watu wengine kabisa, na leo lawama anabebeshwa mama wa watu anayeombea nyumba yake heri.

Ile ya Manazi, nyeusi, imeinamishwa upande ndani ya duara jeupe, ilaaniwe, na Myahudi akiiona akatetemeka ana haki. Ya mlangoni mara nyingi ni nyekundu, imekaa wima, ina nukta nne katikati ya mikono yake. Mwenye macho anaona tofauti.

Admin wa grupu letu, najua unapita humu: futa ile posti leo. Na aliyetaka kupaka rangi mlango wa watu aende akawaombe radhi, mchana, kwa mdomo wake.